Kijana Arudipo kutoka Mahojiano ya Kazi

Hotuba iliyosomwa kwa niaba ya kamati ya elimu katika mkutano wa mwaka wa wanachama, Rabai

Bwana Mwenyekiti, wazee wetu wa Rabai, akina mama, na ninyi vijana mliokaa nyuma karibu na mlango kana kwamba mwataka kutoka mapema,

Tumeagizwa kusema habari ya kazi, na hasa habari ya vijana wetu wanaoitwa kwenye mahojiano wakarudi mikono mitupu. Hesabu ya fedha za chama imekwisha kusomwa, na jua limekwisha kupinda. Hata hivyo twaomba mtuvumilie, kwa kuwa jambo hili limo katika kila nyumba, ijapokuwa halisemwi.

Kwanza tuondoe dhana moja. Hatuwezi kusema kwamba vijana wa Rabai hukosa kazi kwa sababu ya kukosa shule. Kalamu iliingia hapa mapema kuliko sehemu nyingi za nchi hii. Krapf na Rebmann walifanya makao yao Rabai mwaka 1846, baada ya wazee kuwakubali, na tangu siku zile kusoma na kuandika si jambo la ajabu kwetu. Watoto wetu wanavyo vyeti. Hupeleka maombi, nao huitwa, siku hizi kwa ujumbe wa simu. Kinachoharibika huharibika mezani, ndani ya robo saa, na kijana akitoka hajui ni kitu gani kilichomponyoka.

Twawapa mfano. Kijana mmoja wa kwetu, ambaye ameturuhusu kusimulia habari yake bila ya kumtaja jina, aliitwa kwa kazi ya ukarani wa ghala katika kampuni moja huko Mombasa. Alivaa shati la kaka yake na viatu vya kuazima. Nyuma ya meza walikaa mabwana wawili na bibi mmoja. Swali la kwanza lilikuwa, "Hebu tueleze habari zako." Naye akajibu kama alivyofunzwa tangu utoto wake: akataja jina la baba yake, na la babu yake, na ukoo wao, na kwamba kwao ni Rabai, upande wa Kisurutini. Kisha akanyamaza, akainamisha macho, akangoja. Wale waliomwuliza nao wakangoja. Yasemwa kwamba kimya kile kilikuwa kirefu kuliko mahojiano yote yaliyosalia.

Kwa adabu ya nyumbani jibu lile lilikuwa kamili. Mzee wa hapa akikuuliza wewe ni nani, hakuulizi unajua kufanya nini. Ataka kujua u mtoto wa nani, ili ajue akukalishe wapi na akupe maneno gani. Wala mtoto aliyelelewa vema hajisifu mbele ya wakubwa, wala hawakazii macho. Lakini ndani ya maneno yale yale meza ya Mombasa ilikuwa na swali jingine: umefanya kazi gani, na sisi tutafaidi nini tukikuchukua? Na kijana huyu alikuwa nalo la kusema. Kwa muda wa miaka mitatu aliandika daftari la kikundi cha akina mama cha kuweka na kukopa, akaonyesha kila shilingi iliyoingia na kila shilingi iliyotoka, na haukutokea ugomvi hata siku moja. Hiyo ndiyo kazi ya karani wa ghala, ila badala ya magunia ni fedha. Tulipomwuliza kwa nini hakuitaja, alijibu, "Ile haikuwa kazi. Sikulipwa."

Akina mama wa kikundi kile wamo humu leo, na twaona wanacheka. Basi na wacheke, lakini wakumbuke pia kumwandikia barua ya ushahidi.

Wazee wetu msiudhike tukisema kwamba nasaha tunazowapa watoto asubuhi ya safari ni nasaha za wakati mwingine. Twawaambia: simama wima, usiseme sana, itika unapoitwa. Maneno haya yalikuwa na maana yake. Baba zetu na babu zetu hawakuhojiwa mezani. Wengi walisimama langoni pa bandari ya Kilindini tangu alfajiri, na mwenye kuchagua watu alitazama mabega na mikono. Neno "kibarua" lenyewe ni barua ndogo, yaani kile kikaratasi cha mtu aliyekodiwa kwa siku, na aliyekosa karatasi alirudi kesho kujaribu tena. Tena palikuwa na kipande, kilichowekwa kwa sheria ya mwaka 1915, kikaanza kutumika baada ya Vita Kuu ya Kwanza, hata kikaondolewa mwaka 1947. Mwanamume Mwafrika alikivaa shingoni ndani ya kikopo cha bati, na humo mliandikwa mwajiri wake, mshahara wake, na kama ameachiliwa kwa ruhusa. Katika utaratibu kama ule hapakuwa na haja ya kujieleza, kwa maana karatasi ilimsema mtu, naye akanyamaza. Kunyamaza kulikuwa busara, na mara nyingine kulikuwa usalama. Twawarithisha wajukuu busara ile ile, nao waenda kwenye meza isiyotazama mabega.

Hatusemi kijana aache adabu. Salamu, kungoja kualikwa kukaa, kutomkatiza msemaji, yote hayo ni mali yake na yatamfaa popote. Twasema ajue tu kwamba kueleza kazi uliyoifanya kweli, kwa hesabu na kwa miaka, si majivuno. Anayeuliza ameomba kuambiwa, na asipoambiwa hana njia nyingine ya kujua.

Sasa tufike kwenye jambo lililotufanya tuombe nafasi hii. Kushindwa katika mahojiano kuna hasara yake, lakini hasara kubwa zaidi hutokea jioni ya siku ile. Kijana hushuka garini Mazeras, naye hakimbilii kwenda nyumbani. Hukaa pale njia panda mpaka giza liingie, ili asikutane na watu wa kumwuliza. Mama yake akimwuliza, hujibu, "Watapiga simu." Basi mama hungoja simu. Wiki hupita, na nyumba nzima huishi na uongo mdogo ambao kila mtu aujua na hakuna autajaye. Aliyoulizwa, alivyojibu, na mahali ulimi wake ulipokwama, yote hufa naye. Mwezi ujao jirani yake huitwa kwenye meza ya namna ile ile, akajikwaa kwenye jiwe lile lile.

Na katika kimya hicho ndimo dalali wa kazi apatamo wateja. Aliyeshindwa mara tatu na hakumwambia mtu, huja kuamini kwamba kazi hununuliwa tu. Ndipo hutokea bwana mwenye simu mbili, asemaye kwamba ana mtu wake ndani ya ofisi fulani, au ana nafasi huko Ghuba, ila pana gharama kidogo. Tumeona minazi ikiwekwa rehani kwa ajili ya gharama hiyo. Minazi haijarudi, na yule bwana simu zake zote mbili hazipatikani. Yafaa ijulikane kwa kila mzazi kwamba Tume ya Utumishi wa Umma haitozi ada kwa mwombaji, wala mahojiano ya kazi za Serikali hayauzwi. Na anayetaka kwenda Saudia au kwingineko aulize kwanza kama wakala ameandikishwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira.

Methali yetu yasema mwenda bure si mkaa bure, huenda akaokota. Ni kweli, lakini ili mtu aokote yampasa atazame chini anapotembea. Binti mmoja wa Ruruma alifanya hivyo. Aliitwa Kilifi mjini, safari ambayo kwetu ni ndefu kuliko ya Mombasa, akahojiwa vibaya na akajua kwamba amehojiwa vibaya. Kabla gari halijafika Kaloleni alikuwa ameandika nyuma ya barua yake maswali yote aliyoyakumbuka. Mojawapo lilikuwa, "Una udhaifu gani?" Alidhani anatukanwa, akajibu kwamba hana. Alipofika nyumbani alimsomea shangazi yake yale maswali, wakacheka, kisha wakatafuta pamoja jibu la kweli: kwamba hapo zamani alikuwa mwoga wa kuuliza asipoelewa, na kwamba sasa huandika jambo asilolielewa na kuliuliza kabla ya jua kutua. Karatasi ile ilizunguka. Rafiki yake aliisoma, akaitwa mahali pengine, akaulizwa swali lile lile, akajibu kwa utulivu akapata kazi. Binti mwenyewe bado hajapata. Hatutaki kuificha habari hiyo ili hotuba yetu ipendeze.

Pana wakati ambapo kosa si la mhojiwa, na hili nalo lazima lisemwe, maana kijana anayejilaumu kwa kila jambo huharibikiwa sawa na yule asiyejilaumu kabisa. Mwaka 2014 polisi 10,000 waliandikishwa nchini. Malalamiko yakatokea ya hongo na upendeleo, na Mamlaka Huru ya Kusimamia Polisi ikapeleka shauri mahakamani. Mwezi wa Oktoba mwaka huo Mahakama Kuu ikabatilisha uandikishaji wote, ukarudiwa mwaka 2015. Wako waliokataliwa siku ya kwanza wakaja kujua kwamba si miguu yao iliyokuwa mizito. Wako pia waliochaguliwa kwa haki wakapoteza nafasi pamoja na wenye hongo, nao twawasikitikia.

Kadhalika msichana akiulizwa kama ataka kuolewa karibuni, au kama ana mimba, ajue kwamba swali hilo halikustahili kuulizwa. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 27, yakataza ubaguzi kwa sababu ya jinsia, ujauzito na hali ya ndoa, na Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yamlinda hata yule ambaye bado anatafuta kazi. Tena wako wanaokopa fedha kununua cheti cha polisi na vyeti vya kodi na mikopo kabla hata hawajaitwa. Sheria ilirekebishwa mwaka 2022: mwajiri asimdai mwombaji vyeti hivyo mpaka awe anakusudia kufanya naye mkataba wa kazi. Na aliyehojiwa na ofisi ya umma akataka kujua alivyopimwa, kifungu cha 35 champa raia haki ya kuomba habari zilizoko kwa Serikali. Kwa Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016, ofisi yapaswa kulishughulikia ombi lake ndani ya siku 21. Barua ya namna hiyo iandikwe kwa upole. Tutasaidia kuiandika.

Katika jambo moja hatutawaunga mkono wasemaji wa barazani. Husemwa kwamba kazi za kaunti ni zetu, na kwamba kila mgeni aliyeajiriwa Kilifi ameiba. Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 imeagiza kwamba angalau asilimia 30 ya nafasi za ngazi ya kuingilia ziwe za watu wasio wa kabila lililo kubwa katika kaunti. Sheria hiyo hiyo ndiyo inayomfungulia mtoto wa Rabai mlango wa kaunti nyingine, akiwa na moyo wa kubisha hodi.

Wengine huona kuhojiwa ni kudhalilishwa. Zamani Rais alimteua Jaji Mkuu bila ya watu kusikia neno. Mwaka 2011, kwa mara ya kwanza, walioomba cheo kile walihojiwa hadharani na Tume ya Utumishi wa Mahakama. Dakta Willy Mutunga aliulizwa mbele ya nchi nzima hata habari ya kipini alichovaa sikioni. Alijibu, kipini kikabaki sikioni, na mwaka ule ule akawa Jaji Mkuu. Ikiwa mtu wa elimu ile alikaa kitini akaulizwa maswali ya sikio lake, karani wa ghala naye aweza kuulizwa kwa nini aliacha shule mwaka mmoja.

Habari ya lugha ni fupi. Mahojiano mengi hufanywa kwa Kiingereza, na wengi wetu hushindwa kwa kujibu swali ambalo hawakulisikia vizuri. Kuomba swali lirudiwe si aibu. Kiswahili nacho ni lugha rasmi ya nchi hii kwa Katiba, kwa hiyo hakuna ubaya mtu akiuliza kwa heshima kama aweza kumalizia jibu lake kwa Kiswahili.

Basi kamati imeazimia hivi. Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi, saa nane mchana, patakuwa na meza na viti vinne katika chumba hiki. Mwalimu mmoja mstaafu na bibi mmoja aliyewahi kufanya kazi bandarini wamekubali kukaa upande wa pili wa meza na kuuliza bila ya huruma. Kijana aliyetoka kuhojiwa aje aseme alivyoulizwa, hata kama ameshindwa, na hasa akiwa ameshindwa. Maswali yataandikwa katika daftari, nalo litafunguliwa kwa kila mtu. Majina hayataandikwa. Wazazi hawataruhusiwa kuingia, ila wale walioalikwa na watoto wao.

Viatu vya chama ni jozi mbili, namba 8 na namba 9. Avihitajiye aonane na mweka hazina siku moja kabla ya safari, na avirudishe kesho yake asubuhi vikiwa vimepigwa rangi, maana huenda kuna mwingine anayevingoja.