Siku ya Tatu ya Mgeni



Katika Yubile hii twamshukuru Mungu kwa makanisa na shule tulizopewa. Walakini tusisahau ya kuwa Kanisa letu liliingia katika nchi hii kama mgeni. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere alitoka Unguja pamoja na kundi la watu waliokombolewa utumwani, akashukia Lindi, akaenda nao bara. Walikuwa wakielekea pande za Ziwa Nyasa, lakini walipofika Masasi wakakaa. Hapo wakajenga, wakalima, na Injili ikapata makao. Basi sisi tu watoto wa wageni. Tutawezaje kumfungia mgeni mlango?

Kumpokea mtu siku ya kwanza twajua. Ibrahimu alipoketi mlangoni pa hema yake huko Mamre, aliwakimbilia watu watatu asiowajua, akawaahidi kipande cha mkate, kisha akawachinjia ndama. Naye Mtakatifu Benedikto, katika karne ya 6, aliwaagiza watawa wake wampokee kila mgeni kana kwamba ni Kristo mwenyewe, na hasa maskini na wasafiri. Katika vijiji vyetu pia ni nani asiyemtandikia mgeni mkeka?

Neno gumu ni siku ya tatu. Wazee wetu walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wengine hudhani kwamba neno hili ni la kuchoka, la kumfukuza mtu kwa adabu. Sisi twaliona kuwa neno la heshima. Maana huwezi kumpa mtu jembe usimwonyeshe shamba. Anayelishwa sikuzote angali mgeni. Aliyepewa shamba amekuwa jirani.

Tena Wakristo wa kale walifuata desturi iyo hiyo. Katika kitabu kidogo kiitwacho Didake, kilichoandikwa zamani sana, kisha kikaonekana tena mwaka 1873, waamini waliagizwa kumsaidia msafiri kwa siku mbili au tatu. Akitaka kukaa, na afanye kazi yake ale. Na asiye na ufundi, kanisa limtafutie njia, asikae bure kati yao.

Jambo hili tumeliona kwa macho katika nchi yetu. Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972 walipewa ardhi huko Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Wakafyeka pori, wakalima, wakalisha watoto wao na kuuza mazao. Na mwaka 2014 zaidi ya watu 160,000 wakapewa uraia wa Tanzania.

Wala hatusemi ya kuwa kazi hii haina gharama. Mwishoni mwa Aprili 1994, watu wapatao robo milioni walivuka mpaka kutoka Rwanda wakaingia Ngara katika muda wa kama siku moja. Miti ikakatwa kwa kuni, maji yakawa haba, na wenyeji wakanung'unika. Kanisa lisiwakemee wenye kunung'unika kana kwamba hawana imani. Mwenye kisima ana haki ya kuogopa kisima kisikauke. Yatupasa kuchukua mzigo pamoja naye, asiachwe kuwa mkarimu peke yake.

Ninyi walimu, mtoto ajapo shuleni kwenu mwenye lugha nyingine, msimweke nyuma kabisa hata ajue kusema. Mpeni kazi kama wenzake: afute ubao, agawe vitabu, aitwe kwa jina lake lililo sawa. Nasi wa mitaani tujiulize: mtu aliyehamia kwetu, tumempa jembe gani? Je, anaimba katika kwaya? Anaalikwa mazishini kama jirani, au huarifiwa tu wakati wa mchango? Katika baraza la wazee wa Kanisa, yuko hata mmoja ambaye babu yake hakuzikwa hapa? Kama hayuko, tumewapa watu chakula, lakini makao hatujawapa.

Bwana wetu alisema ya kwamba alikuwa mgeni, nasi tutaulizwa kama tulimkaribisha. Na atukute siku ile tumemwonyesha shamba.

Neema ya Mungu iwe nanyi nyote. Amina.