DAMU YAKO, MAJIBU YAKO
(Maneno ya mwanachama siku ya kuadhimisha miaka kumi ya kikundi)



Nimepewa dakika chache niseme habari za kupimwa damu kazini, maana wengi wetu hapa Arumeru tunafanya kazi kwenye mashamba ya maua.

Shamba nililofanyia kazi zamani, siku moja tulipangwa foleni, kila mmoja akatolewa damu, tukaambiwa: haya, rudini kazini. Karatasi sikupewa, na mimi sikuuliza. Miezi mitano baadaye nikaanguka. Zahanati wakanikuta damu ni 7, wakati mama asiye mjamzito haitakiwi ipungue 12. Pesa za matibabu zilitoka mfuko wetu wa jamii, mnakumbuka. Nilipofuatilia majibu ya shambani, kumbe siku ile ilikuwa 9! Wao walijua, mwenye damu hakujua.

Kwa hiyo, jamani, tuulize: mnapima nini? Wingi wa damu huonyesha upungufu, ambao mara nyingi hutokana na kukosa madini ya chuma, au minyoo ya safura. Hupimwa pia sukari, figo na ini. Na wanaopiga dawa wana kipimo chao, kolinesterasi. Baadhi ya dawa za wadudu hushusha kitu hicho katika damu; ndipo kichwa kinauma, macho yanaona ukungu, jasho na mate yanazidi. Kiwango chake hutofautiana mtu na mtu, hivyo inafaa upimwe kabla hujaanza kushika dawa, halafu baadaye wafananishe. Kikishuka sana, ukae mbali na dawa mpaka kipande. Bila kipimo cha kwanza, watafananisha na nini?

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inataka wafanyakazi wapimwe afya. Lakini virusi vya UKIMWI mwajiri asikulazimishe kupima. Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inataka ridhaa yako.

Hapa kikundini kila mmoja ana kitabu chake, na hakuna anayekubali hisa zake zihesabiwe bila yeye kuona. Basi na damu ni hivyo hivyo. Omba karatasi yako, itunze pamoja na kitabu. Asiyejua kusoma ampelekee anayemwamini amsomee, na iwe siri yao.

Kikundi chetu kidumu!