Ada Pekee Haimfikishi Mtahiniwa Novemba

(Mada iliyotolewa na Idara ya Elimu katika kikao cha kamati za parokia na wafadhili)



Mmetuomba tuzungumzie vijana na watu wazima wanaotafuta cheti cha kidato cha nne nje ya shule za kawaida. Tutaeleza njia yenyewe kwa kifupi, kisha tutakaa zaidi pale watu wetu wanapopotelea.

Aliyeishia darasa la saba, au aliyeacha sekondari kabla ya kufaulu kidato cha pili, huanza na Mtihani wa Maarifa, ambao wengi tunauita QT. Mtihani huo hupima kiwango cha kidato cha pili. Akifaulu, ndipo anaweza kusajiliwa kufanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Yote miwili huendeshwa na Baraza la Mitihani la Tanzania, na hufanyika Novemba. Aliyekwisha kufaulu kidato cha pili hana haja ya QT. Kamati imuulize hilo mapema, asije akapoteza mwaka bure.

Wengi wanaotujia ni akina mama vijana. Serikali ilitangaza Novemba 24, 2021 kwamba wasichana walioacha masomo kwa sababu ya mimba wanaweza kurudi shuleni, na hilo tulilipokea kwa furaha. Lakini mama wa miaka 24 mwenye watoto wawili havai tena sare akakaa na watoto wa miaka 14. Kwake yeye njia ni darasa la jioni, au vituo vya Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, ambako masomo ya miaka minne hubanwa yakawa ya miaka miwili.

Sasa tuje kwenye fedha. Katika matangazo ya Baraza ya miaka ya karibuni, ada ya QT imekuwa Sh. 30,000 na ya kidato cha nne Sh. 50,000 kwa anayejisajili Januari na Februari. Anayechelewa hadi Machi hulipa na adhabu juu yake. Miezi hiyo ndiyo ile ile ya madaftari ya watoto na ghala linalokaribia kuisha, na hapo kamati nyingi huingia, zikalipa ada, zikaona kazi imekwisha.

Kwa maoni yetu kazi ndiyo kwanza inaanza. Kati ya Februari na Novemba kuna miezi minane, na darasa lililoanza na watu ishirini linaweza kufika Agosti likiwa na saba. Wale wengine si wavivu. Mmoja ana mtoto mgonjwa, mwingine mume amesema darasa la jioni limezidi, mwingine amepata kibarua cha kuvuna na hawezi kukiacha. Ada yake imelipwa na jina lake liko kwenye orodha, lakini kiti chake kitakuwa kitupu siku ya mtihani.

Jambo la pili ni lugha, na hapa tunawaomba wafadhili watusikilize kwa makini. Huyu mama alisoma shule ya msingi kwa Kiswahili, tena ni zaidi ya miaka kumi iliyopita. Leo anafunguliwa kitabu cha Jiografia cha Kiingereza. Mambo yenyewe anayafahamu vizuri: mmomonyoko wa udongo anauona shambani kwake kila masika. Akikutana na swali linaloanza na "outline" au "differentiate", hajui anaulizwa nini, basi anaandika anachokijua na anakosa alama. Kwa hiyo darasa la QT lisilo na mwalimu wa Kiingereza tangu wiki ya kwanza ni darasa la kukariri tu. Tungependelea parokia ilipe mwalimu huyo mmoja mwaka mzima kuliko kuongeza watahiniwa kumi kwenye orodha.

Wapo wanaotuuliza kama inafaa kuhangaika hivyo kwa ajili ya alama D. Inafaa. Vyuo vingi vya ngazi ya cheti hudai ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini, na D, yaani alama 30 hadi 44, ni ufaulu. Kidato cha tano ni mlima mwingine, maana huko hudaiwa C tatu. Wengi wa watu wetu hawaombi kwenda huko. Wanataka kusomea ushonaji, kilimo au uhazili wakiwa na karatasi mkononi.

Kuhusu vitabu, tunawashukuru mnaotuletea vilivyokwisha kutumika. Hata hivyo mitaala iliboreshwa mwaka 2023 na inaingia kidato kwa kidato. Kabla ya kugawa sanduku lolote, mwulizeni mwalimu wa kituo watahiniwa wa mwaka huo wanapimwa kwa mtaala upi.

Tunachoomba kwenu, basi, ni hiki. Fungu la elimu la parokia ligawanywe: ada, posho ya mwalimu wa Kiingereza, na mtu wa kukaa na watoto saa za darasa. Hilo la tatu huchekwa vikaoni, hasa na akina baba, lakini ndilo ambalo akina mama wenyewe hulitaja kwanza tunapowatembelea. Mkeka, uji, na bibi mmoja mwaminifu chini ya mwembe vinatosha.

Usajili huanza Januari, na mtahiniwa hufika kwanza kituoni kupewa namba rejea ndipo alipe. Kwa hiyo kila kamati ituletee majina kabla ya Krismasi, pamoja na nakala za vyeti vya darasa la saba au matokeo ya kidato cha pili, na jina la huyo bibi.