Kadi Ilisitishwa, Bakuli Likarudi

Wasikilizaji, tangazo mlilisikia, na wengine mlilisikia mara mbili: kwanza kwenye taarifa ya habari, kisha kwa jirani aliyekwenda dirishani akarudishwa. Machi 2023 Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ulisitisha kusajili watoto kwa Toto Afya Kadi. Ile kadi iliyokuwa ya shilingi 50,400 kwa mwaka. Sababu zilitolewa: wazazi wengi walikuwa wanangoja mtoto augue ndipo wamkatie kadi, na mfuko ukawa unalipa zaidi ya unavyopokea. Mtoto akatakiwa kuandikishwa kupitia shuleni, au kuingia kwenye kifurushi cha familia. Hesabu za mfuko tunawaachia wenyewe.

Kinachotutia hofu sisi wa Buguruni, hapa Dar, ni bakuli la michango.

Bakuli mnalijua. Siku hizi linaanza na picha. Mtoto amelala kitandani, tumbo limejaa au jicho limevimba, mama yake pembeni kajifunika khanga, na chini ya picha kuna namba ya kutuma pesa. Picha inapita kwenye makundi ya WhatsApp, la mtaa, la wazazi wa shule, la waliomaliza darasa la saba pamoja. Jioni, kijiweni pale Malapa, linafunguliwa daftari la mistari: fundi simu 2,000, muuza supu 5,000, "Msamaria" 10,000, bodaboda wa zamu ya usiku 1,000 na ahadi. Hatulidharau daftari hilo. Kuna watoto wako hai leo kwa sababu ya madaftari kama hayo. Lakini kadi ya shilingi 50,400 haikuhitaji picha ya mtoto yeyote. Bakuli linaihitaji.

Tunasema hivi kwa sababu njia hiyo ya shuleni ilikuwa na tundu. Mtoto aandikishwe shuleni. Sawa. Mtoto wa miaka minane ambaye yuko wodini tangu mwaka jana, jina lake liko kwenye daftari la shule ipi? Aliye chini ya miaka mitano, sera inasema atibiwe bure hospitali za serikali, na wazazi wa hapa mnajua dawa ikikosekana dirishani huwa mnaambiwa nini. Aliyeacha shule kwa sababu ya ugonjwa hakuwamo huku, hakuwamo kule. Wakati ule muswada wa bima ya afya kwa wote ulikuwa bado unasubiriwa bungeni. Huyo wa katikati, bima yake ilikuwa nani? Bakuli.

Na bakuli letu lina tabia yake. Linachangia ugonjwa. Mtoto mwenyewe halimchangii.

Twende Muhimbili, si mbali, ni Upanga tu hapo. Kwenye wodi ya watoto wenye saratani, matibabu ni bure, kwa ushirikiano wa hospitali na taasisi ya Tumaini la Maisha. Mzazi halipii dawa. Basi ungetegemea kila mtoto amalize dozi. Hapana. Wako wanaokatisha, na mara nyingi kisa ni nauli. Dawa za saratani huenda kwa mizunguko: mtoto anaingia, anatundikiwa dripu, anapumzika, anarudi tena, miezi inakatika. Mama wa Kigoma au Mtwara hawezi kwenda na kurudi kila mzunguko. Nyumbani kaacha watoto wengine na shamba. Ndiyo maana ile taasisi ina nyumba ya kufikia familia, wameiita Ujasiri. Nauli na mahali pa kulala ni sehemu ya tiba, ila hatujawahi kuona picha ya WhatsApp inayoomba nauli ya mzunguko wa nne. Picha ni ya siku ya kwanza. Siku ya kwanza tunalia wote.

Na humo wodini, mkipata nafasi ya kwenda kuwaona, tazameni watoto wanavyokaa. Mtoto ana kanula mkononi, imezungushiwa plasta mpaka kwenye kiganja, na mkono huohuo anataka kuudakia mpira. Dripu ikiisha tu anashuka kitandani. Kichwa hakina unywele, kofia ya sufu kwenye joto hili la Dar, na bado anagombania rangi ya bluu na mwenzake. Huyo ni mtoto. Tumemchangia uvimbe wake, yeye tumemwacha.

Wenzetu huko nje hili walishalifikiria. Mwaka 1988 mwigizaji Paul Newman, kwa fedha za sosi yake ya saladi, alifungua kambi huko Connecticut, Marekani, kwa watoto wenye saratani na maradhi mengine mazito. Mtoto anakaa siku kadhaa, anaogelea, anavua samaki, madaktari na manesi wako palepale, na mzazi halipi hata senti. Kambi za namna hiyo zimeenea nchi nyingine, na watu wa kawaida wanakimbia mbio na kuoka keki ili kuzichangia. Atakayesema hayo ni mambo ya kizungu, sisi tuna shida za dawa, tunamwelewa. Ila tunamwuliza: kitchen party tuliitoa Buguruni?

Hapo ndipo kituo hiki kinaporudi kulekule kinakorudi kila mara, mtuvumilie. Harusi. Mtaa huuhuu unaosema hauna kitu, Jumapili jioni una kikao. Kamati ina mwenyekiti, katibu, mweka hazina na mtu wa chakula na vinywaji. Kadi ya mchango inafika mpaka kwa mtu uliyesoma naye miaka ishirini iliyopita, na kima cha chini kimeandikwa. Usipotoa unapigiwa simu. Usipopokea unatumiwa ujumbe wa kukumbushwa kwamba ahadi ni deni. Fedha ya watu kula na kucheza usiku mmoja inadaiwa kuliko kodi! Hakuna aliyewahi kupigiwa simu ya kudaiwa ahadi ya mtoto mgonjwa. Hakuna. Mtoto akifariki, hapo sasa daftari la msiba linajaa kabla turubai halijasimama.

Kwamba tunajua kuchanga kwa mpango, ushahidi upo. Tangu mwaka 2020 mbio za benki ya CRDB zinachangia upasuaji wa moyo wa watoto pale Taasisi ya Jakaya Kikwete. Watu wanalipia fulana, wanakimbia, watoto wanapasuliwa. Benki ina jina kubwa, lakini anayekimbia ni mtu kama wewe. Na ukiangalia kwa makini, kamati ya harusi ya Buguruni ina nidhamu ya fedha kuliko ofisi nyingi. Nidhamu hiyo ndiyo tunayoitaka.

Serikali tunaiambia jambo moja, tena kwa heshima: huyo mtoto wa katikati, asiye shuleni na asiye chini ya miaka mitano, asikose dirisha lake. Asikatiwe bima na kundi la WhatsApp. Shilingi 50,400, au hata zaidi, mzazi atatafuta. Aambiwe tu anailipa wapi.

Na nyinyi wa huku. Wa Malapa, wa Sheli, wa Mnyamani, wa sokoni kwenye machungwa. Wakristo wana Kwaresima, Waislamu wana Ramadhani. Sadaka itatoka tu, swali ni itaenda wapi. Bili ikishalipwa, daftari lisifungwe! Liendelee na nauli ya mama mpaka mzunguko wa mwisho. Liendelee na chakula chake, na mtu wa kuwaangalia wale watoto aliowaacha nyumbani. Kisha likodi basi. Basi moja, siku moja, kwa ruhusa ya daktari na nesi akiwa ndani, watoto wavuke na pantoni kwenda Kigamboni wakachezee mchanga, wale samaki, warudi wamechoka kama watoto wengine wanavyochoka. Bei ya basi hilo wenye kamati mnaijua, mlilipa lilelile la kupeleka maharusi.

Mwenyekiti, kikao chako cha Jumapili kina ajenda ngapi? Ongeza hii, na iwe ya kwanza. Kima cha chini kiandikwe. Atakayeahidi apigiwe simu, na asipopokea afuatwe nyumbani. Simu za kupigia picha ziachwe mifukoni. Na mweka hazina apatikane kabla chai haijaletwa, maana mnajua wenyewe, chai ikishaletwa watu huanza kuaga.