Maneno Yafananayo kwa Sauti: Maana Zake na Asili Zake

Hotuba kwa wanachama wa Pemba



Tumeombwa tuseme machache juu ya Kiingereza cha ofisini, nasi tumechagua maneno yafananayo kwa sauti hali maana zake ziko mbalimbali. Karani husimama baina ya lugha mbili: mkulima humweleza haja yake kwa Kiswahili, na hati mara nyingi huandikwa kwa Kiingereza. Mwenye shamba hayaoni yanayopita hapo katikati, amemwamini karani. Neno likikosewa, hasara humwangukia yule aliyetia dole gumba.

Tuanze na neno lituhusulo sana. Karafuu kwa Kiingereza ni “clove”. Tangu tufani ya mwaka 1872, iliyoangusha mikarafuu mingi ya Unguja na kuiacha iliyo mingi ya Pemba, sehemu kubwa ya karafuu za Zanzibar imetoka kisiwani humu. Neno hilo Waingereza walilipata kwa Wafaransa, ambao husema “clou de girofle”. Na “clou” ni msumari, asili yake Kilatini “clavus”. Itazameni karafuu kavu: ina kichwa na mguu kama msumari. Waajemi nao waliona vivyo hivyo, wakaiita “mikhak”, yaani kijisumari. Sisi tulifuata Waarabu, wasemao “qaranful”.

Lakini punje ya kitunguu thomu nayo huitwa “clove”, wala haina undugu na msumari. Hilo ni neno la Kiingereza cha kale, jamaa ya “cleave”, kupasua, kwa kuwa kitunguu thomu hupasuka vipande. Mabaharia nao wana fundo liitwalo “clove hitch”, kwa ukoo huo huo wa kupasua. Na hilo “cleave” lenyewe ni maneno mawili yaliyovaa kanzu moja: la kwanza ni kupasua, la pili ni kuambatana. Asiyesoma sentensi nzima atawatenganisha watu walioandikiwa kushikamana.

Mbata huitwa “copra”, na swila huitwa “cobra”. Herufi moja tu yawatenga. Yote mawili yamepita kwa Wareno, lakini la kwanza Wareno walilitwaa Uhindi, katika lugha ya Kimalayalam, na la pili ni lao wenyewe, latokana na neno la Kilatini la nyoka. Wamesafiri katika jahazi moja, illa hawakuzaliwa nyumba moja.

Sasa tuje kwenye mizani. “Tare” ni uzito wa gunia tupu, unaotolewa katika uzito wote ili ubaki uzito wa mali yenyewe. Asili yake ni Kiarabu, “tarh”, maana yake kutupa au kuondoa. “Tare” jingine ni magugu, nalo limo katika Injili ya Kiingereza; na “tear”, linalotamkwa karibu sawa, ni kuchana. Tuseme gunia tupu lina kilo 1, na mkulima ameleta magunia 50. Karani asiyejua maana ya “tare” akaiondoa mara mbili, mkulima amepoteza bei ya kilo 50 za karafuu, wala hatajua zilikokwenda.

Zito kuliko yote ni neno la rehani. “Mortgage” ni maneno mawili ya Kifaransa cha kale: “mort”, mfu, na “gage”, rehani. Kutokana nalo yamezaliwa “mortgagor” na “mortgagee”. Mwisho wa “-or” humwonyesha atendaye, na mwisho wa “-ee” humwonyesha atendewaye. Kiswahili chetu kimekwisha kutufundisha jambo hili: “mortgagor” ni mweka rehani, mwenye shamba, “mortgagee” ni mwekewa rehani, mwenye kudai. Wenye mashamba ya Pemba wameujua sana uzito wa deni. Mwaka 1934 ilibidi itungwe sheria kwamba ardhi ya Mwarabu au Mwafrika isihamishwe kwa mtu asiye miongoni mwao bila ya idhini. Sheria kama hiyo hutungwa kwa taabu. Karani mwenye haraka aweza kumgeuza mwenye shamba kuwa mdai, na mdai kuwa mwenye shamba, kwa herufi mbili.

Wala tusiwacheke Waingereza. Kwetu rehani ni ya deni, na rihani ni ya kunukia. Yote ni Kiarabu, na kila moja lina mzizi wake. Dhamana ni ya kumsimamia mtu, thamani ni ya bei. Tena yapo maneno yasiyofanana sana na hali ni ndugu: “tariff”, yaani orodha ya ushuru, na taarifa yetu, yote mawili yametoka katika Kiarabu “ta'rif”, kujulisha. Basi sauti si shahidi wa kutegemewa. Anayestahili kuulizwa ni mzizi.

Kwa hiyo twashauri mambo matatu. Kwanza, kila ofisi iwe na kamusi, nayo ifunguliwe. Pili, kila mmoja wetu awe na daftari la maneno yafananayo, aandike maana na asili yake, kwa kuwa anayejua neno limetoka wapi hasahau upesi laenda wapi. Tatu, na hili ndilo kubwa, kabla mtu hajatia sahihi au dole lake, asomewe hati yake kwa Kiswahili tangu mwanzo hata mwisho, aulizwe, “Hivi ndivyo ulivyosema?” Akisema sivyo, karatasi nyingine ichukuliwe. Karatasi ni rahisi kuliko shamba.