Hakimu wa Mji Mdogo: Maisha ya James Edwin Horton

Leo twataka kuzungumza nanyi habari za mtu ambaye hakuwa mfalme wala jemadari, wala hakuvumbua nchi mpya. Kazi yake ilikuwa kukaa katika kiti cha hukumu katika miji midogo, akisikiliza mashauri ya madeni, ya mipaka ya mashamba, ya wizi na ya ugomvi. Jina lake ni James Edwin Horton, na mji wake ni Athens, katika jimbo la Alabama, upande wa kusini wa Marekani.

Pengine mtauliza, "Ya nini kutuletea habari za hakimu wa mbali, na hali sisi tunao mahakimu wetu?" Twawajibu hivi. Iko mithali tuitumiayo kila siku, nayo yasema, "Wengi wape." Katika mambo mengi ya mji mithali hii ina hekima, kwa maana mtu mmoja hawezi kushindana na mji mzima. Lakini je, yafaa katika nyumba ya hukumu? Ikiwa watu wote wasema fulani ana hatia, na ushahidi wasema hana, hakimu awape nani haki, wengi au ushahidi? Swali hili lilimfikia Horton siku moja, naye hakuweza kulikwepa.

Horton alizaliwa mwaka wa 1878. Vita vya Marekani baina ya kaskazini na kusini vilikuwa vimekwisha mwaka wa 1865, na utumwa ulikuwa umefutwa. Lakini chuki na dharau havifutwi kwa sheria tu. Jamaa zake walikuwa watu wa mashamba makubwa, katika tabaka ile iliyopata kumiliki watumwa. Basi kijana huyu hakulelewa kuwa mtetezi wa watu weusi. Alilelewa kama walivyolelewa wana wa mabwana wa nchi ile. Alisoma sheria katika chuo cha Cumberland, jimbo la Tennessee, akamaliza mwaka wa 1899. Akawa wakili, akachaguliwa kuingia katika baraza la kutunga sheria la jimbo, na mwaka wa 1922 akachaguliwa kuwa hakimu wa mzunguko, yaani hakimu aendaye mji hata mji kusikiliza kesi.

Hapa hatuna budi kueleza jambo moja. Katika Alabama hakimu hakuwekwa na serikali kama tulivyozoea sisi; alichaguliwa kwa kura, na muda wake ukiisha alirudi kwa wapiga kura kuomba tena. Tena siku zile watu weusi karibu wote walikuwa wamezuiliwa kupiga kura, kwa kodi na kwa mitihani iliyowekwa makusudi. Kwa hiyo hakimu aliyependa kudumu katika kiti chake ilimpasa kuwapendeza wazungu wa wilaya yake. Horton aliwapendeza bila kujipendekeza. Mwaka wa 1928 alirudishwa katika kiti bila mpinzani. Watu walimwita mtu mwadilifu, mpole, mwenye subira.

Sasa twende kwenye kesi yenyewe. Tarehe 25 Machi 1931, gari la moshi la mizigo lilikuwa likienda kutoka Chattanooga kuelekea magharibi. Siku zile kazi zilikuwa haba, na vijana wengi, weupe kwa weusi, walikuwa wakidandia mabehewa ya mizigo kwenda kutafuta riziki. Njiani pakatokea ugomvi, na vijana weupe wakatupwa nje ya gari. Nao wakaenda kushitaki. Gari lilipofika kituo kidogo kiitwacho Paint Rock, watu wenye bunduki walikuwa wakilingojea. Wakawakamata vijana weusi 9. Wadogo wao walikuwa na umri wa miaka kama 13. Ndani ya gari walikutwa pia wanawake wawili weupe, Victoria Price na Ruby Bates, waliosema kwamba vijana wale wamewanajisi kwa nguvu.

Siku 12 tu baadaye, tarehe 6 Aprili, kesi ilianza katika mji wa Scottsboro. Nje ya baraza palijaa maelfu ya watu wenye hasira, na mawakili wa washitakiwa hawakupata wakati wa kujitayarisha. Ndani ya siku 4 vijana 8 walihukumiwa kufa. Lakini mwezi wa Novemba 1932 Mahakama Kuu ya Marekani ilizitangua hukumu 7 kati ya hizo, kwa sababu washitakiwa hawakupewa wakili kwa namna ya kweli. Ikaamriwa kesi isikilizwe upya. Ikahamishiwa mji wa Decatur, si mbali na Athens, na hakimu akawekwa Horton.

Mnamo Machi na Aprili 1933 alishitakiwa wa kwanza, kijana Haywood Patterson. Wakili wake alikuwa Samuel Leibowitz, aliyetoka New York. Mshitaki alikuwa Thomas Knight, mwanasheria mkuu wa Alabama mwenyewe. Zikaenea habari kwamba wako watu wanaokusudia kuwatoa wafungwa na kuwaua bila hukumu, kama ilivyokuwa desturi mbaya ya nchi zile. Horton akasema wazi mbele ya baraza kwamba wafungwa wako chini ya ulinzi wa mahakama, na kwamba askari wana amri ya kupiga risasi yeyote atakayewashambulia. Watu wakanyamaza.

Tusimpambe mtu kupita kiasi. Wakili Leibowitz alilalamika kwamba hakuna mtu mweusi hata mmoja katika watu 12 walioapishwa kuamua kesi, wala katika orodha yao. Horton hakuisimamisha kesi kwa ajili ya neno hilo. Iliendelea mbele ya wazungu watupu. Yeye alikuwa mtu wa zama zake na wa nchi yake. Lakini alikuwa na sifa moja iliyokuwa adimu: alisikiliza.

Alisikiliza nini? Alimsikia Victoria Price akisema kwamba alipigwa kichwani hata akatokwa na damu, na kwamba alilazwa chali juu ya kokoto kali zilizojaa behewani, akatendwa jeuri na watu kadhaa. Kisha akamsikia daktari aliyewapima wanawake wale muda usiozidi saa mbili baada ya gari kusimama. Daktari hakuona jeraha kichwani. Mgongoni aliona mikwaruzo na alama chache tu. Pumzi na mapigo ya moyo yalikuwa ya kawaida. Tena wote wajua kwamba gari lilipita mchana kweupe. Hatimaye akasimama Ruby Bates, yule mwanamke wa pili, akasema mbele ya watu wote kwamba hakuna aliyewagusa, na maneno ya kwanza yalikuwa ya uongo.

Hata hivyo, tarehe 9 Aprili 1933 watu 12 walirudi na neno moja: ana hatia, na afe. Katika Marekani watu hawa ndio wakatao neno la hatia. Hawakuwa kama wale wazee wa baraza waliokuwa wakiketi pamoja na jaji katika nchi zetu za Afrika ya Mashariki, ambao walitoa shauri tu, naye jaji hakufungwa nalo. Lakini sheria ilimwachia hakimu mlango mmoja: akiona ya kuwa hukumu haipatani na ushahidi, aweza kuitangua na kuamuru kesi mpya.

Mlango ulikuwapo, lakini nani angethubutu kuupita? Kunyamaza kungekuwa rahisi mno. Angeweza kusema, "Watu 12 wameamua, mimi sina neno," akaiachia mahakama ya juu mzigo huo. Hakuna ambaye angemlaumu katika wilaya yake, na mwaka uliofuata ulikuwa mwaka wa uchaguzi.

Tarehe 22 Juni 1933, katika baraza la mji wake wa Athens, Horton alisoma uamuzi wake. Hakuhubiri habari za rangi, wala hakumtukana mtu. Alichukua ushahidi, neno kwa neno, akauweka katika mizani. Shahidi asema alitokwa na damu. Damu iko wapi? Asema alilazwa juu ya kokoto kali. Majeraha yako wapi? Daktari alimwona hali akiwa mtulivu. Utulivu huo watoka wapi kwa mtu aliyetendwa hayo? Naye shahidi mwenziwe amkana. Basi akasema kwamba maneno ya mwanamke yule hayakuthibitishwa na jambo lingine lolote, bali yalipingwa na ushahidi mwingine; akaitangua hukumu ya kifo, akaamuru kesi mpya. Wahenga wetu walisema, "Njia ya mwongo ni fupi". Siku ile hakimu aliipima njia hiyo, akaona mwisho wake.

Malipo yake yakaja upesi. Kesi zile akaondolewa, akapewa hakimu mwingine, ambaye chini yake Patterson alitiwa hatiani tena mwaka ule ule. Mwaka wa 1934 Horton alisimama katika uchaguzi, akashindwa. Na Thomas Knight, yule mshitaki, mwaka ule ule alichaguliwa kuwa naibu wa gavana wa Alabama. Horton akarudi kwenye uwakili na ukulima, wala hakukaa tena katika kiti cha hukumu. Alifariki mwaka wa 1973, mwenye umri wa miaka 95.

Je, tendo lake lilifaa nini? Tuseme kweli: halikuwafungua vijana wale. Walikaa gerezani miaka mingi ya ujana wao. Lakini hakuna hata mmoja wao aliyeuawa kwa hukumu ile. Wanne waliachiliwa mwaka wa 1937. Mwaka wa 1976 gavana wa Alabama alimsamehe Clarence Norris, na mwaka wa 2013 jimbo likawapa msamaha watatu wa mwisho, nao wamekwisha kufa. Mji wa Athens nao ulimkumbuka mtu wake: mwaka wa 2017 sanamu ya Horton ilisimamishwa mbele ya baraza la wilaya. Wale wengi waliomnyima kura wakati ule majina yao hayajulikani.

Wasikilizaji, sisi walimu huulizwa na wanafunzi, "Mwalimu, haki ni nini?" Habari hii yatupa jawabu fupi: haki yaanza na kuuliza, "Umejuaje?" Kitu kikipotea kijijini na vidole vyote vikaelekea kwa mtu mmoja, labda kwa kuwa ni mgeni, ama maskini, ama wa kabila lingine, usitazame wingi wa vidole. Uliza nani aliona, aliona nini, na je, aliyoyasema yapatana na alama zilizopo? Mzee wa ukoo aamuaye ugomvi wa ng'ombe, mwalimu aamuaye ugomvi wa watoto, wote wamekaa katika kiti kile kile alichokaa Horton, ingawa chao ni kigoda.

Wengi wape kipaza chao katika mkutano, na nafasi yao katika shauri la mji. Lakini shingo ya mtu mmoja asiye na hatia si mali ya wengi, wala hawana ruhusa ya kupewa.