Turubai Linapomeguka Shambani: Chembe za Plastiki na Mimea ya Benaco



Tukisema plastiki, wengi tunawaza mifuko. Mifuko hapa Tanzania tuliipiga marufuku Juni 1, 2019. Jirani zetu Rwanda walitutangulia mwaka 2008. Leo naomba tuzungumzie turubai.

Mwishoni mwa Aprili 1994, wakimbizi wa Rwanda wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo ndani ya takribani saa 24, wakapiga kambi hapa Benaco. Walijiezekea maturubai (shitingi) ya UNHCR. Desemba 1996 walirejeshwa kwao, na ardhi ikarudi kwenye malisho na kilimo.

Turubai la namna hiyo ni nyuzi bapa za polithini nzito zilizofumwa, zikapakwa utando wa polithini laini. Jua hula utando kwanza. Nyuzi zikibaki wazi hukauka; ukizivuta zinakatika mkononi, na jembe linamalizia. Kipande kikishakuwa chini ya milimita 5, wataalamu hukihesabu kuwa chembe ya plastiki. Kikifukiwa hakipati jua, kwa hiyo kuoza kwake ni kwa miaka mingi sana.

Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Anglia Ruskin, Uingereza, walichanganya polithini nzito na udongo. Udongo ukazidi tindikali, nyungunyungu wakapungua uzito. Penye nyuzi za nguo za viwandani, mbegu chache zaidi za nyasi ziliota. Mwaka huohuo, jaribio la Berlin lilionyesha vitunguu vya majani vikiongeza mizizi kwenye nyuzi za poliesta, kwa kuwa udongo ulilegea. Asije mtu akasema basi ni mbolea! Maana yake ni kwamba njia za maji na hewa udongoni zimebadilika, na kila zao litajibu kivyake.

Kwetu linaloniumiza kichwa ni nyungunyungu. Mgomba na mkahawa hutegemea matandazo, na anayeyashusha udongoni ni nyungunyungu. Halafu sisi wenyewe tunafagia uani na kumwaga taka na majivu kibanjani: maganda, vipande vya viroba, nyuzi, vyote pamoja. Mche nao hupandwa na kiriba chake cha plastiki. Kichaneni, mkitoe, ndipo mfukie shimo. Viroba vilivyoanza kuchanika viondolewe vingali vipande vikubwa. Vikishakuwa chembe, hakuna reki itakayoviokota. Kuchoma shambani si dawa, kwani huacha mabonge yaliyoyeyuka nusu.

Napendekeza tupime kwa vifaa tulivyonavyo. Chukueni udongo wa juu katika kibanja karibu na nyumba, shamba la mbali na eneo la kambi ya zamani. Ukaushwe, ukorogwe kwenye ndoo ya maji ya chumvi nyingi, uachwe utulie. Polithini huelea, pamoja na mabaki ya majani. Vichujwe kwa kitambaa cha pamba, kisha kila kipande kiguswe kwa sindano ya moto: cha plastiki hulainika na kujikunja, cha jani huungua tu.